PMP: Udemy, Study Hall, kitabu au darasa la wikiendi? Pesa inatosha viwili tu

kokoto_nne:
Wakuu habari za jumapili. Niko Dodoma, nasimamia miradi ya maji kwenye shirika moja, na nataka kufanya mtihani wa PMP, kile cheti cha kimataifa cha usimamizi wa miradi. Digrii ninayo na ile miezi 36 ya kuongoza miradi wanayotaka imeshapita, hapo sina presha. Kinachonisumbua ni yale masaa 35 ya darasa na kitu gani nisomee. Kuna sehemu mjini wanafundisha wikiendi ila ada yao we acha tu, kuna kozi ya video ya mwalimu Andrew Ramdayal iko Udemy mtandaoni, kuna Study Hall, mazoezi ya mtandaoni ya PMI wenyewe wanaotoa hicho cheti, halafu jamaa ofisini kanirushia PDF ya PMBOK, kitabu cha mwongozo cha PMI, toleo la 6 kasema soma hiyo mwanzo mwisho utatoboa. Nichukue vipi viwili?

fundi_wa_doha:
Udemy kwanza mkuu, wala usijiulize. Ukiimaliza unapata cheti cha masaa 35 unakijaza kwenye fomu, kazi imeisha. Na usilipe bei ya kwanza unayoiona, subiri kidogo punguzo haliko mbali, Udemy ndo walivyo. Hiyo PDF iweke pembeni. Toleo la 6 ni la 2017, limejaa michakato 49 na kila mmoja una vinavyoingia na vinavyotoka, watu walikuwa wanakariri kama msahafu. Muundo wa mtihani ulipobadilika Januari 2021 nusu ya maswali yakawa ya ajaili (kazi inaenda kwa vipande vifupi na mpango unabadilika) na haibridi (mchanganyiko wa ajaili na njia ya zamani), na asilimia 42 yakawa mambo ya watu tu, timu na migogoro. Utakariri nini hapo? Huku Ghuba kazi za ujenzi tangazo likitoka PMP imeandikwa kabisa kwa hiyo wengi tumepita njia hiyo hiyo.

nyawira_k:
Me nitapinga kidogo. Video ni sawa za kupata hayo masaa lakini pesa ya maana weka Study Hall. Hao ndio wenye mtihani, lugha ya maswali yao ndio utakutana nayo siku ile, kwingine kote watu wanaigiza tu. Package yao ya Essentials inatosha, iko na mitihani miwili mizima ya majaribio, ile ya Plus ni ya mtu anataka kufanya mock nyingi zaidi. Ila jua hivi: yale maswali wameandika ni ya kiwango cha expert yatakutoa machozi, mengine hata ukisoma maelezo ya jibu bado unabishana na simu. Usiyahesabu. Angalia unafanyaje kwa yale ya kawaida na magumu ya kadri.

mama_ratiba:
Wote mmesema kweli ila hamjamwambia kijana kinachoangusha watu wa kwetu. Sio kusoma kidogo. Ni kwamba tunajibu kama tulivyozoea kazini. Swali linasema mafundi wawili hawaelewani kazi inachelewa, meneja afanye nini KWANZA? Sisi akili inakimbilia kumpelekea mkurugenzi au kuwaandikia barua, maana kwetu ukimruka bosi ni utovu wa nidhamu. Kwa PMI hilo jibu ni la mwisho kabisa. Wanataka meneja akae na hao watu wawili aelewe shida, achambue, ndo achukue hatua, na kwa sponsa, yule mkubwa anayeubeba mradi na pesa yake, aende likimshinda kweli au liko nje ya mamlaka yake. Mteja akitaka kitu kipya hivyo hivyo, hukatai na hukubali, unapima kwanza kinagusa nini kwenye muda na gharama halafu kinapita kwenye utaratibu wa mabadiliko. Na kama timu inafanya skram, moja ya njia za ajaili, usiwagawie kazi, wanajipangia. Huyo Ramdayal analirudia hili mpaka linachosha, na ndio maana mimi namuweka juu kuliko vitabu vyote. Ukitazama video zake ukaruka sehemu hiyo umetupa bando.

kokoto_nne:
Mama ratiba umenigusa, leo asubuhi nimejaribu maswali kumi ya bure nikachagua "mjulishe sponsa" kila yalipotokea 😂

pwani_moja:
Hesabu zipo nyingi? mi zile ndo zinanitisha

fundi_wa_doha:
Chache siku hizi. Jua CPI (thamani ya kazi iliyofanyika ugawe kwa pesa iliyotumika) na SPI (thamani ya kazi iliyofanyika ugawe kwa iliyopangwa) maana yake tu. Kazi yenye thamani ya milioni 40 imefanyika na mmetumia milioni 50, CPI ni 0.8, mnakula pesa kuliko kazi. Chini ya 1 ni vibaya, basi.

bodaboda_pm:
Kuna grupu la Telegram wanauza maswali yenyewe halisi na majibu bei poa, si uchukue hayo tu

nyawira_k:
@bodaboda_pm hiyo ni dumps, maswali ya kuibwa. Kwanza majibu yao mengi ni mabovu, pili PMI wakikushika wanakunyang'anya cheti hata kama ushakipata. Achana nayo.

mama_ratiba:
@pwani_moja kama bado huna uzoefu wa kuongoza miradi usianze na PMP, kuna CAPM, cheti cha PMI cha wanaoanza, maswali 150 masaa matatu, wanataka masaa 23 tu ya masomo na ile kozi ya Google iliyoko Coursera inakubalika. Na anayelenga ajira za UN aangalie PRINCE2 pia, cheti kingine cha usimamizi wa miradi, inatajwa sana huko. Foundation, ngazi yake ya kwanza, ni maswali 60 dakika 60, ni nyepesi.

kokoto_nne:
Basi nimeamua Udemy na Study Hall Essentials, darasa la wikiendi linisubiri. Mtihani nifanyie nyumbani au kituoni?

nyawira_k:
Kituoni kama unaweza kufika. Nyumbani ni karibu masaa manne kamera imekukodolea, hakuna mtu kuingia chumbani, huruhusiwi kusoma swali kwa sauti, na stima ikipotea ni wewe na Mungu wako. Halafu kuna mapumziko mawili ya dakika kumi, chukua yote, ila ukishaingia mapumziko yale maswali ya nyuma hurudi tena, kwa hivyo maliza kukagua kabla hujabonyeza.

fundi_wa_doha:
Na kabla ya kujaza fomu waambie mabosi wako wa zamani, wanaweza kukuchagua kwenye ukaguzi wakataka saini zao na nakala ya cheti cha digrii. Huyo aliyekurushia PDF kama alishawahi kuwa juu yako ndo wa kuanza naye.

kokoto_nne:
Yuko chini yangu huyo, na yeye hajaufanya mtihani wenyewe 😂

mama_ratiba:
Mwambie ajiunge hapa.