Naomba ushauri: kaseti ya Contra ya Kijapani aliyoiacha marehemu mjomba ina thamani gani kwa wakusanyaji?

MwanaShella (Malindi)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Naandika kutoka mtaa wa Shella, Malindi, kuhusu jambo ambalo hapa nyumbani hatuna wa kutuongoza. Marehemu mjomba wangu alikuwa baharia, na katika moja ya safari zake za Mashariki ya Mbali alirudi na mashine ya gemu ya Nintendo aina ya Famicom pamoja na kaseti kadhaa. Mojawapo ni Contra, ile gemu ya kupiga risasi ambayo wengi wa rika letu tuliijua kupitia mashine za bei nafuu zilizouzwa pamoja na kaseti za njano. Kasha lake la karatasi lipo, ingawa upande mmoja umepauka kwa jua la dirishani, na kitabu cha maelezo kimo ndani. Warithi wote wameridhia viuzwe, na mama amenikabidhi kazi hiyo.

Mzee mmoja wa Kiitaliano anayeishi huku kwetu amekuja kuvitazama, akataja bei moja ya vitu vyote kwa jumla. Binamu zangu nao wamesoma kwamba mwaka 2021 kaseti ya Super Mario 64 iliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 1.5, na tangu hapo wanaiona bei ya mzee huyu kuwa ni dhuluma. Sitaki kumdhulumu mnunuzi, wala sitaki haki ya warithi ipotee mikononi mwangu. Je, kaseti kama hii hupimwa thamani kwa vigezo gani, na nifanye nini kabla ya kumjibu?

Mkusanyaji wa Kibokoni (Mombasa)

Wa aleikum salaam, na Mola amrehemu mjomba. Ndugu yangu, kwanza watulize binamu. Super Mario 64 ile ilikuwa haijafunguliwa tangu itoke kiwandani, ikiwa ndani ya karatasi yake ya nailoni, na ilikuwa imekaguliwa na kampuni ya Wata ikapewa alama 9.8 kati ya 10. Aliyelipa fedha zile alinunua hali ya kifaa kuliko gemu yenyewe, kwa kuwa gemu hiyo imeuzwa kwa mamilioni na kaseti yake iliyokwisha kutumika hupatikana kwa bei ya kawaida kabisa. Kaseti ya mjomba imefunguliwa na imechezwa, kwa hiyo iko katika soko jingine, na hakuna sababu ya kulionea haya soko hilo.

Kuhusu Contra yenyewe, umri wake peke yake hauipi thamani, na wala si gemu adimu. Kampuni ya Konami waliitoa kwanza kama mashine ya kumbi za michezo, zile za kutumbukiza sarafu, mwaka 1987, kisha mwaka 1988 wakaitoa kwa Famicom kule Japani na kwa NES, yaani Famicom ya soko la nje, kule Marekani. Kinachoifanya itafutwe ni kwamba watu waliipenda: wawili walicheza bega kwa bega, na wengi walihifadhi moyoni ule mpangilio wa vibonye wa kupata maisha 30 kabla hawajahifadhi jedwali la kuzidisha. Toleo la Kijapani lina sababu ya ziada, nayo ndiyo unayopaswa kuielewa vizuri kabla ya kukaa mezani na mnunuzi. Ndani ya kaseti yake Konami waliweka chipu yao wenyewe iitwayo VRC2, na toleo hilo lina mambo ambayo Wamarekani hawakuyapata: ramani ya visiwa vya Galuga, ambako vita vya gemu vinapiganwa, mwanzoni, picha fupi za hadithi baina ya hatua, majani ya msituni yanayotikisika katika hatua ya kwanza, na theluji inayoanguka katika hatua ya barafu. Huko Ulaya toleo la NES liliitwa Probotector na askari wakageuzwa maroboti, kwa hiyo simshangai mzee wa Kiitaliano akiitamani hiyo ya kwenu.

Ushauri wangu ni kwamba usiuze kwa jumla. Contra yenye kasha na kitabu ijadiliwe peke yake, kwa sababu makasha ya karatasi ndiyo yaliyotupwa zaidi na watoto wa dunia nzima, na mkusanyaji hulipa tofauti kubwa kwa ajili ya karatasi hizo. Ukitafuta bei eBay, chagua orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, maana bei anayoiomba muuzaji na bei aliyoipata ni mambo mawili. Kuipeleka kukaguliwa na kupewa alama sikushauri, kwani kasha limepauka na gharama itakula faida.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Ninakubaliana na mwenzangu, ila ametangulia kidogo, kwa sababu hatujathibitisha kwamba kaseti ni ya asili. Nimetengeneza mashine hizi miaka mingi na nimeona kaseti za bandia zenye sura nzuri kuliko za Konami.

Usiibandue kwa bisibisi. Kaseti nyingi za Famicom hazina skrubu, zimebanwa kwa ndoana za plastiki, na ukizilazimisha zitakatika na thamani itashuka papo hapo. Chukua tochi, umulike mdomo wa kaseti pale yalipo meno ya chuma yanayoingia kwenye mashine, kisha utazame bodi. Ya asili huwa na chipu zenye miguu iliyolehemiwa vizuri, ilhali nyingi za bandia zina tone la gundi nyeusi mahali pa chipu. Ikiwa hapaonekani vizuri, ipime mkononi pamoja na kaseti ya njano yoyote. Ile ya njano mara nyingi ni nyepesi mno. Ramani na majani yanayotikisika ni dalili njema, lakini hayatoshi kuwa ushahidi, kwa kuwa wapo walionakili toleo la Kijapani lenyewe.

Nakuomba sana pia usiichomeke adapta ya mjomba kwenye umeme wetu. Ni ya volti 100 za Japani, na wetu ni volti 240. Kwa kuijaribu kaseti, azima mashine yoyote ya kaseti za njano yenye tundu la meno 60, ambayo pia itaelewana na televisheni za huku. Ukiona ukungu wa kijani kwenye meno, jambo la kawaida kwetu sisi tunaoishi na hewa ya chumvi, usipulize kwa mdomo, maana mate huongeza unyevu. Pangusa kwa pamba ya masikio iliyotiwa spiriti ya isopropili, uache ikauke. Habari njema ni kwamba Contra haina betri ya kuhifadhia mchezo, kwa hiyo hakuna kitu ndani kinachovuja.

Bi Mkomani (Lamu)

Mwanangu, mimi naongezea dogo tu. Piga picha za kila upande kabla mtu hajaishika tena, pamoja na kila ukurasa wa kitabu, na uwaonyeshe warithi bei ulizozikuta. Kasha liondoe dirishani leo hii, uliweke mahali pakavu.

MwanaShella (Malindi)

Nawashukuru nyote, Mungu awalipe. Nimemulika kwa tochi na nimeona chipu zenye miguu, bila gundi nyeusi. Meno yana ukungu kidogo pembeni. Jirani ameniazima mashine, na baada ya kupangusa ilionekana ramani ya visiwa, kisha majani yakitikisika kama mlivyosema. Jina mbele ya kaseti limeandikwa kwa herufi tatu kubwa za Kijapani.

Nimemweleza mzee kwamba Contra na kasha lake tutaipangia bei yake, na zilizobaki tutazungumza baadaye. Hakukasirika. Alichouliza ni kama kitabu kina kurasa zote.

Mkusanyaji wa Kibokoni (Mombasa)

Herufi hizo tatu ndizo za toleo la Japani. Na mtu anayeuliza kurasa anajua anachonunua, kwa hiyo zihesabu mbele yake, kisha mwonyeshe bei za zile zilizouzwa zikiwa na kasha lenye kasoro kama lenu, si lile safi. Akikubali kuanzia hapo, msikilize. Akirudi kwenye bei ya jumla, sisi wa Mombasa tupo.

Fundi wa Langoni (Lamu)

Ukifikia kuituma mbali, kasha lisibanwe na kamba wala utepe wa gundi. Liweke ndani ya sanduku gumu kubwa kuliko lenyewe, kaseti ifungwe peke yake, na utume kwa rejista.