Mjadala: Filamu ya vita ya kuumiza hivi, wanafunzi wa sekondari waonyeshwe?

Mwanzisha mada: Wakuu, juzi usiku nimeitazama Come and See, filamu ya Kisovieti ya mwaka 1985 ya Elem Klimov, na mpaka leo sijakaa sawa. Ni saa 2 na dakika 22. Niliisimamisha mara tatu, mara ya mwisho nikaenda kunawa uso. Mahali ni Belarusi, 1943, chini ya uvamizi wa Wanazi wa Ujerumani. Kijana Flyora anafukua bunduki mchangani ili wapiganaji wa msituni wampokee, akidhani vita ni ushujaa. Mwisho wa filamu uso wake una makunyanzi kama wa mzee, na ni siku chache tu zimepita.

Kilichonimaliza si damu. Anarudi kijijini kwao na binti aitwaye Glasha. Nyumba kimya. Supu bado ina moto, midoli imelazwa sakafuni, nzi wanavuma. Anainywa ile supu! Wanapotoka mbio, binti anageuka na kuona maiti zimerundikwa nyuma ya nyumba. Kijana hageuki. Kamera nayo haikawii pale, ni kufumba na kufumbua.

Msimamo wangu: sekondari waonyeshwe. Vita wanaitazama kila siku, ila ni ile safi, ya steringi kupigwa risasi ya bega na baada ya dakika tano anaruka ukuta. Hiyo ndiyo inayowaharibu. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa 1: Napinga, mkuu, na mimi ni mwalimu. Ukiwaketisha watoto 40 ukawaambia tazameni, unajuaje ni nani kati yao alishaona nyumba ikichomwa kweli? Ilipotoka Saving Private Ryan mwaka 1998, ile ambayo mapema tu inaonyesha wanajeshi wa Marekani wakitua ufukweni Omaha, Ufaransa, tarehe 6 Juni 1944, idara ya wanajeshi wastaafu ya Marekani iliweka simu maalumu kwa ajili ya wazee waliotoneshwa vidonda. Hao walikuwa wapiganaji. Sembuse mtoto.

Mwanzisha mada: Hapo umenibana. Basi lisiwe somo la lazima, na anayetaka kutoka atoke bila kuulizwa.

Mchangiaji wa 2: Mimi naona mnabishania mlango wakati nyumba ina ufa. Nani kasema ukatili unafundisha? Mwongozaji filamu Mfaransa François Truffaut alikuwa akiona kwamba kila filamu ya vita huishia kuipamba vita. Halafu huyo Aleksei Kravchenko aliyeigiza Flyora alikuwa na miaka kama 14. Inasimuliwa kwamba baadhi ya risasi zilizopita juu yake zilikuwa za kweli. Tunamtia mtoto mmoja hofuni ili tuwafunze wengine huruma?

Mwanzisha mada: La mtoto sina utetezi, naliacha hapo. La Truffaut nalikataa kwa filamu hii. Nionyeshe kijana mmoja aliyetoka mle akitamani bunduki. Na si hadithi ya kutungwa hewani. Aliyeshirikiana na Klimov kuandika, Ales Adamovich, alipigana msituni akiwa kijana, na baadaye yeye na wenzake walizunguka vijijini kukusanya simulizi za walionusurika. Kijiji cha Khatyn, hukohuko Belarusi, kilichomwa na vikosi vya Wanazi tarehe 22 Machi 1943. Watu walifungiwa bandani, banda likawashwa moto. Waliokufa ni 149, watoto 75. Hesabu za Kisovieti zilitaja vijiji 628 vilivyoteketezwa pamoja na watu wake. Sasa ukiionyesha hiyo kwa upole, umemdanganya nani?

Mchangiaji wa 2: Hujanijibu. Nimeuliza kama inafundisha, wewe unanithibitishia kwamba ni kweli. Ni vitu viwili.

Mchangiaji wa 1: Niseme nilichofanya mwenyewe, kisha mnipige mawe. Darasa la mwisho niliwaonyesha kipande cha supu tu, mlango wazi, taa zinawaka. Picha ya maiti niliikata. Mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona yule dada kakimbia huku analia?" Sikujibu. Aliyekaa dirishani akasema, "Midoli." Kengele ikalia, wakatoka kimya kimya, jambo ambalo darasa lile halijawahi kulifanya.

Mchangiaji wa 2: Ukikata maiti, mkuu, hiyo si filamu tena. Hilo ni tangazo la supu.

Mwanzisha mada: Lakini walielewa.