Naomba ushauri: spika za bapa, nizipimeje kwenye maonyesho?

Wakuu, habari zenu. Nipo Tanga, Raskazone. Karibuni nina safari ya kikazi Ujerumani, na huko nitapitia maonyesho ya mitambo ya kusikilizia muziki. Shabaha yangu ni zile spika bapa zisizo na boksi: Magnepan za Marekani na Quad za Uingereza, ukoo wa ile ESL (spika ya umemetuli) ya 1957.

Kinachonitatiza ni vyumba vyenyewe. Spika hizi hutoa sauti mbele na nyuma, kwa hiyo ukizibana ukutani sauti inavurugika, na ukikaa kiti cha pembeni utamu unapungua. Sasa chumba kimejaa watu, kiti cha katikati kinagombaniwa, na muuzaji kaweka gitaa moja na dada anayeimba polepole (hapo hata redio ya mkulima inapendeza!). Besi ikiwa haba, nitajuaje kosa ni la spika au la chumba? Nabeba taarab ya Black Star, kundi la hapa kwetu Tanga, kwenye flashi. Je, ni utovu wa adabu kumwomba aipige, tena kwa sauti ya juu?

Pia, kuna aliyewahi kuweka Quad hizi huku pwani? Utando wake unaotoa sauti ni mwembamba mno na unabeba volti maelfu. Unyevu na vumbi letu vitauacha? Magnepan haihitaji kuchomekwa kwenye soketi, ila inataka amplifaya yenye misuli. Sebule yangu ni mita 4 kwa 5, na mama watoto hataki kitu kisogee mbali na ukuta.