Kulinganisha michoro kadhaa ya jengo moja kwa kompyuta

Mchoraji wa Kasarani:
Habari zenu. Ninasanifu nyumba za kupangisha za ghorofa nne kwenye ploti nyembamba hapa Kasarani. Kila ninapobadilisha upana wa ngazi nalazimika kuchora upya karibu kila kitu, hivyo naishia kulipamba wazo la kwanza badala ya kulipima na mengine. Ni programu zipi zitakazonisaidia kuchunguza njia mbadala?

Kivuli cha Mvule:
Tafuta programu inayochora kwa kanuni. Wazo lenyewe si geni: Sketchpad, ambayo Ivan Sutherland aliitengeneza katika chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1963, tayari ilimruhusu mchoraji kuweka masharti, kwa mfano mistari miwili iwe sambamba, na kompyuta ikayatimiza. Leo Grasshopper, ndani ya Rhino (programu ya kuchora maumbo ya pande tatu), itakuwezesha kuunganisha ngazi, kimo cha ghorofa na madirisha, ili ukibadilisha namba moja vingine vifuate. Dynamo hufanya hivyo ndani ya Revit, programu ya kusanifu majengo. Kisha, ndani ya Grasshopper, ipo Galapagos, ambayo huzalisha michanganyiko mingi ya namba hizo, hubakiza iliyofaulu, na kuichanganya tena.

Mwalimu wa Studio:
Ndugu, Galapagos hufuata alama moja tu, yaani lengo moja la kupimia. Ukiiambia itafute mwanga mwingi, itajaza vioo hata upande wa magharibi, ambako jua la jioni huingia ndani likiwa chini kabisa. Hapa Nairobi, karibu na ikweta, jua la adhuhuri halishuki chini ya nyuzi 65 hivi juu ya upeo wa macho mwaka mzima, kwa hiyo kaskazini na kusini kizuizi kifupi juu ya dirisha hutosha wakati huo. Taabu iko mashariki na magharibi. Ladybug, nyongeza ya Grasshopper, itakupimia jua hilo, lakini kulifanya kigezo ni kazi yako. Vigezo vikigongana, tumia Wallacei, inayopima malengo kadhaa kwa pamoja.

Mchoraji wa Kasarani:
Asante, mwalimu. Je, mteja aonyeshwe mchoro bora peke yake?

Mwalimu wa Studio:
Hapana. Utafiti wa mtafiti Maryam Tohidi na wenzake, uliotolewa mwaka 2006, ulionyesha kuwa watu waliopewa miundo mitatu waliikosoa kwa uwazi kuliko waliopewa mmoja. Mwekee mitatu sambamba, kwa skeli ileile, na chini ya kila mmoja uandike idadi ya vyumba, gharama na saa za jua la magharibi.