Naomba ushauri: Je, ni lazima matairi yote manne yafanane?

Ndugu zangu, ninaishi Mbeya na kila wiki hushuka Tukuyu kwa Subaru Forester yangu, ambayo huvuta kwa magurudumu yote manne muda wote. Tairi moja la nyuma limepasuka ubavuni, na yaliyobaki kashata zake (meno ya tairi) zimelika nusu. Fundi ananishauri ninunue moja tu, la kampuni yoyote, mradi saizi iwe 215/60R16 (naye ndiye muuzaji). Hofu yangu ni kwamba tairi jipya, kwa kuwa mzingo wake ni mkubwa kidogo kuliko wa mengine, litazunguka taratibu zaidi na kuifanya difu (gia inayogawa nguvu kwa magurudumu) ihangaike safari nzima hadi ipate moto. Je, nibadilishe mawili ya ekseli moja, au nijibane ninunue yote manne, ikizingatiwa kwamba Tukuyu mvua hunyesha karibu mwaka mzima?