Tupeane uzoefu: paka mwenye jipu lisilopona na maradhi mengine nyuma yake

Mwanzisha mada, Mombasa

Ndugu wanachama, nawasalimu. Naomba waliowahi kuuguza paka mwenye maradhi zaidi ya moja kwa wakati mmoja watueleze waliyoyapitia, nami naanza na yangu.

Paka wangu ni shume wa miaka minne, mzururaji wa mapaa ya Mji wa Kale. Alfajiri moja alirudi na tundu chini ya shavu, dogo kiasi kwamba manyoya yalilificha. Siku ya tatu shavu lilikuwa limevimba kama ndimu, na lilipopasuka usaha ulinuka nyumba nzima. Daktari wa mifugo alilisafisha, akaeleza kwamba jino la paka huingiza bakteria, hasa Pasteurella, chini ya ngozi, kisha ngozi hujifunga juu yake. Alimwandikia antibiotiki ya amoksisilini yenye asidi ya klavulani.

Kidonda kilifunga, kikafumuka tena. Hata hivyo, kilichonishtua zaidi ni fizi, kwani nilipoinua mdomo wake nimpe dawa niliziona nyeupe kama tui. Alipopimwa damu, chembe nyekundu zilikuwa asilimia 14 ya damu, ilhali paka mzima huwa na 30 hadi 45. Alikutwa pia na virusi vya FIV, ambavyo paka huambukizana hasa kwa kuumana na ambavyo hudhoofisha kinga, pamoja na haemoplazma, vijidudu vinavyojibandika juu ya chembe nyekundu. Haemoplazma nao ni bakteria, lakini kwa kuwa hawana ukuta wa seli, ambao ndio amoksisilini huushambulia, dawa hiyo haiwadhuru. Ndiyo maana alizidi kudhoofika huku nikimpa dawa kwa saa. Aliongezewa damu, akaanzishwa doksisaiklini, antibiotiki nyingine, ya wiki kadhaa. Kila kidonge nilikifuatishia maji kwa bomba la sindano, kwa sababu kikikwama kooni huunguza.

Mchangiaji, Tanga

Pole sana. Kwangu walikuwa watoto watatu wa paka wenye mafua ya virusi ambayo bakteria waliyadandia, macho yakagandana kwa usaha. Walikataa kula kwa kuwa pua ziliziba, na paka asiyesikia harufu hali. Supu ya dagaa yenye moto kidogo ndiyo iliyowarudisha. Nakiri kosa langu la zamani ili mwingine asilirudie: niliwahi kumpa paka mkubwa nusu kidonge cha parasetamoli kwa ajili ya homa, fizi zikageuka rangi ya kahawia, naye akafa.

Mchangiaji, Zanzibar

Niongeze kuhusu FIV. Mtoto wangu wa paka wa miezi mitatu alipopimwa na kuonekana anavyo, nilishauriwa alazwe kwa dawa asiamke tena. Nilikataa. Kipimo hicho hakitafuti virusi vyenyewe bali kingamwili, yaani kinga ambazo mwili hutengeneza dhidi yake, na mtoto huweza kubeba za mama yake. Alipopimwa tena baada ya miezi sita hakuwa na kitu. Na je, kwa binadamu kuna hatari?

Mwanzisha mada

Hapana, ingawa virusi hivyo ni jamaa wa VVU, havimwambukizi binadamu. Shume wangu sasa fizi zimerudi rangi, kidonda kimefunga kabisa na ametibiwa viroboto. Amehasiwa, halali tena nje, na kila ikifika saa nne usiku hukaa mlangoni akilia kama aliyedhulumiwa.