Mjadala: Anayetaka astronomia, asome fizikia kwanza?

Ndugu zangu wa Malindi na wa pwani nzima, naleta mbele yenu suala ambalo limeigawa nyumba moja hapa mtaani kwetu. Binti niliyemfundisha sekondari amefaulu vizuri hisabati na fizikia, naye anataka maisha yake yawe ya kuchunguza nyota. Mjomba wake anashikilia kwamba aombe shahada ya astronomia na si nyingine, kwa kuwa mtu akitaka unahodha hapelekwi kwanza kujifunza kuunda jahazi. Mimi nasema asome fizikia.

Mjomba, kwa heshima yako, hoja hiyo ina uzito. Pwani hii ilizijua nyota kabla ya kuwa na chuo kikuu chochote: manahodha walivuka bahari usiku kwa kuzitazama, na wakulima walikifuata Kilimia, kile kikundi cha nyota, wakatuachia usemi kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Lakini elimu ile ilijibu nyota iko wapi na itatokea lini, ilhali mwanaastronomia wa leo anauliza nyota imeundwa kwa vitu gani, joto lake linatoka wapi, na itakufa vipi. Hawezi kuiendea akaishike. Kinachomfikia, karibu chote, ni mwanga wake. Mistari myeusi iliyomo katika mwanga wa Jua uliotawanywa rangi haimwambii kitu mtu asiyejua namna atomu inavyonyonya mwanga, na mng'ao wa Jua lenyewe hauelezeki bila kujua jinsi viini vya haidrojeni vinavyoungana kuwa heliamu. Hayo yote ni fizikia.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Ngomeni, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya astronomia ya eksirei, miale ya aina ile inayopiga picha za mifupa hospitalini, nayo ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ililazimu kifaa kipelekwe juu kwa sababu hewa inayoizunguka Dunia huzinyonya eksirei za angani zisifike ardhini. Uhuru iligundua kwamba eksirei za Cygnus X-1, chanzo kimoja cha eksirei angani, hupanda na kushuka ndani ya sehemu ya sekunde. Na kwa kuwa hakuna badiliko linaloweza kuenea kwa kasi kuliko mwanga, chanzo chake hakina budi kuwa kidogo mno. Leo tunakijua kuwa ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkubwa hata mwanga hauwezi kutoka ndani yake. Aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alikuwa mwanafizikia, na tuzo ya Nobel aliyopewa mwaka 2002 ilikuwa ya fizikia. Inanisikitisha kwamba watoto wetu hupita njia ya Ngomeni bila kuambiwa habari hii.

Mjomba ametaja Vera Rubin, mwanaastronomia wa Marekani, ambaye shahada yake ya kwanza, ya mwaka 1948, ilikuwa ya astronomia. Ni kweli. Hata hivyo, alipokwenda Chuo Kikuu cha Cornell kwa shahada ya pili alisoma fizikia kwa wanafizikia mashuhuri kama Hans Bethe na Richard Feynman. Mwanaastronomia mwingine, Jocelyn Bell Burnell, alianza upande wa pili: alimaliza fizikia Chuo Kikuu cha Glasgow mwaka 1965, na miaka miwili baadaye, akiwa mwanafunzi Cambridge, akaziona ishara za palsa ya kwanza, yaani nyota inayozunguka kwa kasi na kutuma mapigo ya redio.

Kuna jambo la riziki pia, ambalo babake binti analiogopa, na ana haki. Nafasi za astronomia ni chache. Mwenye fizikia, mlango huo ukifungwa, anaweza kuingia katika utabiri wa hali ya hewa, tiba ya mionzi hospitalini, mawasiliano au ualimu.

Ninachokubali bila ubishi ni kwamba fizikia ya vitabuni haitoshi. Darubini ya redio ya MeerKAT kule Afrika Kusini ina antena 64, na data zake haziwezi kuchambuliwa kwa karatasi na kalamu. Kwa hiyo binti huyu ajifunze kuandika programu za kompyuta na takwimu tangu mwaka wa kwanza, hata kama chuo hakimlazimishi. Tena asiache kutazama anga kwa macho yake, kwani mtu anaweza kumaliza miaka minne ya fizikia bila kuionja darubini hata usiku mmoja, na hapo ndipo msimamo wangu una udhaifu.

Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya astronomia na astrofizikia. Nawaomba mlioisoma, au mlio na watoto walioisoma, mtuambie: hisabati na fizikia mlizopata zilifika wapi, na mlipoomba shahada ya uzamili, mlidaiwa masomo gani ambayo hamkuwa nayo?